Rais tulimpima kwa mbolea, mpinzani tulimpima kwa wakala wake

Kijana wa Mafinga, swali lako watu wamelijibu kwa kejeli, lakini mimi naona ni swali zuri. Umeuliza: ninyi mlioanza kupiga kura enzi za Mkapa, mlikuwa mnampimaje mgombea wa upinzani akisimama na rais ambaye tayari yuko Ikulu? Au mlikuwa mnafuata upepo tu? Leo mvua imenifungisha duka mapema, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Mimi ni mtu wa viazi. Nimezaliwa Uporoto, nimekulia Uyole, kazi yangu ni kununua viazi mashambani na kuvileta sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, vingine vinapanda lori kwenda Dar. Kura yangu ya kwanza niliipiga mwaka 2000. Sijawahi kuwa na kadi ya chama chochote, ila niliwahi kuwa wakala, yaani mtu wa chama anayelinda kura kituoni, na hilo nitalifikia.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Mwaka 1995, 2005 na 2015 rais aliyekuwepo alikuwa anamaliza muda wake, kwa hiyo wagombea wote walikuwa waombaji wapya wa kiti. Rais aliyepo kusimama tena ni 2000, 2010, 2020 na 2025. Hizo ni chaguzi za aina nyingine kabisa. Mtu anayeomba kazi unamsikiliza maneno. Mtu aliyekwisha kuifanya kazi miaka mitano, maneno yake ya nini? Unaangalia shamba lake.

Na kwa kawaida aliyepo alikuwa anaongezeka. Mkapa alipata asilimia 61.8 mwaka 1995, mwaka 2000 akapanda hadi 71.7. Magufuli 58 mwaka 2015, akatangazwa na 84 mwaka 2020. Aliyeshuka ni Kikwete peke yake: kutoka asilimia 80 mwaka 2005 hadi 62 hivi mwaka 2010. Watu humu wanapenda kusema Dk. Slaa, mgombea wa Chadema, ndiye aliyemshusha. Ni kweli Slaa alipata kama asilimia 27, na hakuna mpinzani aliyewahi kumfikia rais aliyepo kwa karibu hivyo. Lakini angalia na upande wa pili: 2005 walijitokeza zaidi ya asilimia 70 ya waliojiandikisha, 2010 hawakufika hata 43. Kura milioni tisa za Kikwete zikawa milioni tano na kitu, wakati Slaa alipata milioni mbili na ushee. Hizo nyingine hazikwenda kwa mpinzani yeyote. Zilibaki nyumbani zinakunywa chai. Kwa hiyo mkuu, mtu akikuambia mpiga kura ana njia mbili, mwambie ana tatu.

Sisi wakulima wa huku rais tulikuwa tunampima kwa mbolea na bei. Mwaka 2010 mezani kulikuwa na vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/09. Kijijini kwetu kuna waliozipata wakavuna vizuri, na kuna waliosainishwa karatasi wasiuone mfuko. Wa kwanza walimpigia Kikwete bila kuuliza. Wa pili ndio waliokuwa wanakumbuka kwamba Septemba 2007, pale viwanja vya Mwembe Yanga, Dar, Slaa alisoma orodha yake ya mafisadi hadharani. Mtu aliyeibiwa vocha ukimtajia ufisadi humfafanulii neno.

Mwaka 2020 ilikuwa mahindi. Katikati ya 2017 serikali ilizuia mahindi yasivuke mpaka, na sisi soko letu la karibu liko Tunduma, ng'ambo ni Nakonde ya Zambia. Bei ilianguka mpaka watu wakawa wanalisha nguruwe. Shemeji yangu wa Mbozi hakulisamehe hilo. Lakini huyohuyo shemeji alikuwa na watoto watatu sekondari, na tangu Januari 2016 ada ilikuwa imefutwa hadi kidato cha nne. Tulibishana naye usiku mzima kwenye msiba: mahindi yameondoka na kiasi gani, ada imerudisha kiasi gani. Alikuwa anahesabu kwa njiti za kiberiti. Ndiyo maana nacheka nikiambiwa mpiga kura wa kijijini hafikiri.

Na haki ni haki: mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipovuka laki moja na ishirini mwaka 2022, ruzuku ilizinduliwa hapahapa Mbeya siku ya Nanenane na Rais Samia, mfuko ukawa 70,000. Nilikuwepo uwanjani, nilipiga makofi, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa mpinzani. Yeye hana mbolea ya kukuonyesha wala barabara. Utampima kwa nini? Wengi tulimpima kwa hotuba, na huko ndiko tulikoliwa. Baba yangu alimpigia Mrema 1995 akiwa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 Mrema akaja tena akiwa TLP, baba akasema, "Huyu nyumba ya kwanza imemshinda na bado ana deni la matofali." Hakumpigia. Nchi nzima nayo ikamtoa karibu asilimia 28 hadi chini ya 8.

Mimi kipimo changu nilikipata darasani, kwenye kituo cha kupigia kura. Mwaka wenyewe na chama chenyewe nabaki navyo. Waliniomba niwe wakala, nikala kiapo cha kutunza siri, nikaambiwa posho na chakula vitaletwa. Saa 1 asubuhi kituo kinafunguliwa nipo. Saa 4 hakuna mtu. Saa 8 hakuna mtu, simu haipokelewi. Wakala wa CCM, mama mmoja jirani yetu, alinikatia nusu ya chapati yake na kunimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Akaniambia, "Kula mwanangu, kuhesabu kura kwa njaa utakosea."

Saa 10 jioni kituo kikafungwa, tukaanza kuhesabu. Umeme hakuna, tuko kwenye tochi. Msimamizi anainua karatasi moja moja, anasoma kwa sauti, sisi tunaweka alama. Kura za rais, za mbunge, za diwani. Zoezi lilikwenda vizuri, nasema kwa kituo changu tu, vingine sikuwepo. Matokeo yakabandikwa mlangoni, nikasaini, nikapewa nakala yangu ya fomu.

Sasa sikiliza. Kwa Katiba yetu ibara ya 41, tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama inayoweza kuuhoji ushindi huo. Maana yake ushahidi wa mpinzani una kazi kabla ya kutangazwa, na ushahidi wenyewe ni zile nakala za vituoni zikikusanywa zote na kujumlishwa upya. Silaha kubwa ya mpinzani kwa rais aliyepo ilikuwa kwenye mkoba wangu. Hakuna aliyekuja kuichukua. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Viongozi wanalalamika redioni kwamba tumeibiwa, na inawezekana kabisa waliibiwa mahali, mimi sibishi. Lakini fomu yangu iko mkobani, imekaa na risiti za viazi. Niliipeleka mwenyewe ofisini kwao baada ya wiki mbili, nikakuta kufuli.

Tangu siku hiyo mpinzani simpimi kwa jukwaa. Rais aliyepo ana serikali ya kupimiwa. Mpinzani ana chama chake tu, na jinsi anavyokiendesha ndiyo serikali pekee aliyowahi kuongoza. Mtu ambaye hawezi kumfikishia wakala wake wa Igawilo chapati, ataifikishaje mbolea Ileje?

Msinielewe vibaya, wapo waliokipita kipimo hicho, hasa kwenye ubunge. Mama yangu alikuwa na msemo wake: "Rais ni wa nchi, mbunge ni wa kwetu." Alikuwa anagawa kura zake, karatasi moja huku, nyingine kule, na wa aina yake walikuwa wengi Mbeya mjini. Sugu wa Chadema alishinda 2010 na 2015, Iringa mjini hivyohivyo kwa Mchungaji Msigwa. Novemba 2011 machinga na polisi walipokwaruzana hapa Mwanjelwa na Kabwe, vijana walitulia walipomwona Sugu. Siku hiyo niliambiwa na mzee mmoja wa CCM, kindakindaki, kwamba "huyu mtoto ana watu." Mwaka 2018 akahukumiwa miezi mitano, akaingia Gereza la Ruanda, hapahapa Mbeya, na akatoka bado ni yuleyule. Mwaka 2020 kiti kikaenda kwa Dk. Tulia wa CCM. Msigwa naye alishindwa mwaka huohuo, na 2024 akahamia CCM.

Hapo kwenye kuhama ndipo kizazi chetu kilipovunjika moyo. Julai 2015 Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alitoka CCM akapewa bendera ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Slaa, aliyekuwa amemweka kwenye orodha yake ya Mwembe Yanga, akajitoa siasa, na 2017 akateuliwa kuwa balozi. Lowassa alipata karibu asilimia 40, mpinzani mwingine hajawahi kufika hapo, kisha Machi 2019 akarudi CCM. Katikati wakapita wabunge na madiwani wa upinzani waliohamia CCM kwa "kuunga mkono juhudi" za rais. Unampigia mtu kura ya kupinga, unaamka anaunga. Ukiona wazee tunamwangalia mgombea mpya kwa jicho la pembeni, ujue si woga wote, mengine ni kovu.

Ya 2025 nitasema machache. Lissu, mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa Aprili, Mbinga, kwa jirani zetu, akashtakiwa uhaini. Chadema haikuwemo kwenye karatasi. Mpina wa ACT-Wazalendo naye aliondolewa. Rais Samia akatangazwa na asilimia 97.66. Kijana, mimi nauza kwa mizani, na mizani ya mikono miwili ukitoa sahani moja haikupimii kitu, hata ukiweka jiwe zito namna gani. Kilichotokea tarehe 29 Oktoba, siku ya kura, na siku zilizofuata intaneti ikiwa imezimwa, humu wapo wenye misiba, sitaki kukigeuza mfano.

Kuhusu upepo uliouliza: ndiyo, upo. 2010 na 2015 ukipita Mwanjelwa bila kuonyesha vidole viwili, alama ya Chadema, huuzi. Nilionyesha, nikauza. Ila ndani ya kile chumba cha karatasi upepo hauingii, na kila mara niliyosimama mle ndani nilikuwa nakumbuka nusu chapati ya yule mama.

Umesema pia kuna watu wameanza kukufuata uwasaidie kujipanga kwa 2030. Wakikuomba uwe wakala, kubali, ni kazi ya maana. Ila kabla hujala kiapo waulize fomu itafuatwa saa ngapi, kwa pikipiki ya nani, na jina la huyo mtu. Mwandike namba yake, umpigie palepale mbele yao.