Kampala hadi Kalangala kwa baiskeli

Ndugu, umeuliza kama unaweza kufika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kwa baiskeli kutoka Kampala bila kurudi kwa njia ileile. Inawezekana. Shika barabara ya Masaka, kama kilomita 130, ulale hapo. Kipande kibaya ni Lwera: kinamasi pande zote, na malori yanakupita karibu mpaka usukani unayumba. Lukaya simama, wachuuzi watakujia na kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) kwenye vijiti. Kesho yake teremka Bukakata, ufukweni mwa ziwa, panda feri ya bure hadi Luku, kisiwa cha Bugala. Kisiwani ni michikichi kushoto na kulia, na vilima vya kutosha. Kurudi, meli ya MV Kalangala huondoka Lutoboka, bandari ya mji wa Kalangala, asubuhi kwenda Nakiwogo, Entebbe. Ulizia ratiba kwanza, tafadhali.