Dogo wa hoteli, acha kusubiri simu, siku 30 zinakatika

Dogo unasema hoteli imekupumzisha wiki tatu sasa eti masika hamna wageni, meneja kakwambia kwa mdomo tu "tutakuita msimu ukifunguka", halafu na huo mguu wako mbovu unauliza kama ile asilimia tatu ya nafasi za kazi za walemavu itakurudisha kazini, au usome VETA, au uchukue mkopo wa halmashauri. Yani umeuliza vyote kasoro kinachokuunguza! Tarehe uliyoambiwa usije kazini ni ngapi? Ukiachishwa kazi kienyeji una siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, ile tume ya kusuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, Jumamosi na Jumapili humo humo. Umebakiza kama wiki.

Mimi mkono wa kushoto haukunji, nilikuwa nafungasha waridi kwenye shamba moja la maua njia ya Moshi. Afisa utumishi akaniita ofisini, akanitolea soda baridi, akasema oda zimepungua kapumzike kidogo, za Valentine zikianza tunakupigia. Nikashukuru na kushukuru! Nikakaa naibembeleza simu kama ya mchumba, naenda nayo mpaka bafuni, Valentine ikaja ikapita, kumbe nafasi yangu alishawekwa mtu kitambo. Hapo ndo nikaangukia kwa bushi loya mmoja hapa mjini, Mungu anamwona yule mzee, akaniandikisha barua kwa mkuu wa wilaya, barua ustawi wa jamii, barua kwa mkurugenzi, kila moja na hela yake ya kuchapa, na hakuna hata moja inayosimamisha siku kuhesabika. CMA yenyewe hutoi hata mia kufungua mgogoro, hilo hakunitajia, angekula wapi.

Nilipofika CMA karani aliangalia tarehe kabla hata hajaniangalia mimi. Nikapewa fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, unatakiwa ueleze kwa nini umechelewa, nikaandika niliahidiwa kuitwa. Mwajiri akajibu hajawahi kuniahidi kitu. Karatasi sina, ushahidi ulikuwa ile soda na nilishaikojoa. Ombi likatupwa, wala hawakufika kwenye swali la kama nilionewa au la.

Kwa hiyo leo hii, sio kesho, mtumie meneja meseji ya WhatsApp kwa adabu, "Bosi nilisimamishwa tarehe fulani, naomba kujua narudi lini", halafu piga skrinshoti. Akijibu sawa, asipojibu sawa, siku zako wewe zinahesabiwa toka siku uliyoambiwa. Mkataba wa maandishi huna? Usitishike, kuuandika ni kazi ya mwajiri, akishindwa kuuonyesha mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. We toa meseji za mshahara za M-Pesa. Na umesema uko pale toka mwaka jana, hesabu kama miezi sita umeshavuka, hilo ni muhimu maana chini ya hapo sheria ya kuachishwa isivyo halali haikulindi.

Fomu namba moja, ile ya CMA ya kufungua mgogoro, ukishaijaza mwajiri apewe nakala kwanza, asaini amepokea, ndo unairudisha CMA. Mlinzi wa getini atakwambia bosi hayupo, wamefundwa hao, tuma kwa posta ya rejista utunze risiti.

Hiyo asilimia tatu ipo kweli, sheria ya 2010, kwa mwajiri mwenye watu kuanzia 20, ila haikutaji wewe kwa jina, kesho anaajiri mlemavu mwingine na amemaliza. Chako ni hiki: kama kwenye kitengo chenu wazima wote wamebaki na masika yamekunyeshea wewe peke yako mwenye mguu mbovu, huo ni ubaguzi, sheria ya ajira ya 2004 inaukataza, uandike kwenye fomu na utaje nani amebaki anafanya kazi gani.

Jumatatu asubuhi uwe pale CMA. Karani akikuuliza shida yako mwambie unataka fomu namba moja, usianze kumhadithia habari za mguu.