Jibu: Kwa nini Topalov aliila ile ngome ya d4?

Ndugu, swali lako ni zuri. Umeuliza kuhusu ule mchezo wa sataranji (chess) wa Wijk aan Zee, Uholanzi, 1999, Kasparov akiwa na kete nyeupe na Topalov nyeusi: kwa nini Topalov aliila ngome ya Kasparov pale kwenye mraba wa d4, wakati hatua ya 24 ilikuwa inanuka mtego.

Tatizo ni kwamba mtego wenyewe ulikuwa mbali mno. Angemsogeza tu mfalme b6, akaiacha ngome ilipo, mchezo ungeendelea na huenda leo tusingekuwa tunauzungumzia. Lakini ngome ya bure mezani, nani haitaki? Akaila kwa askari wa c5, na papo hapo Kasparov akatoa ngome ya pili: e7, mfalme kashtuliwa, yaani anatishiwa kuliwa. Jaribu kuila hiyo kwa malkia: malkia mweupe anakula d4, mfalme anakimbilia b8, malkia b6, mweusi anaziba kwa askofu b7, farasi c6, mfalme a8, malkia a7. Kwisha.

Kwa hiyo mfalme wa Topalov akapanda b6, akamla farasi wa a5, na kuanzia hapo mfalme akatembezwa ubao mzima mpaka d1, nyumbani kwa wenyewe!

Mimi hatua ninayoipenda zaidi ni ya 36, askofu kutoka h3 kurudi f1. Kimya kimya, wala hashtui mfalme, ila anamtishia malkia mweusi aliyeko c4. Malkia huyo akimla askofu: malkia mweupe c2, mfalme e1, ngome e7, mfalme hana pa kwenda. Topalov alisalimu amri hatua ya 44.

Panga kete uicheze mwenyewe, taratibu.