Pikapu ya umeme na boti nyuma: uliza upepo kabla ya uzito

Ndugu yangu, swali lako nimeona nilijibu kwa urefu, maana hapa Malindi bado hatuko wengi tunaovuta boti kwa gari la stima. Umesema una boti ya faiba ya futi 19 yenye mashine ya horspawa 40, unafikiria kuuza pikapu yako ya dizeli ununue ya umeme, na safari zako ni Kilifi na Mombasa kwa mafundi, na Lamu mara mojamoja. Umetazama video za Marekani ambako pikapu ikishafungwa trela chaji inakwisha nusu ya njia, ukaingiwa na hofu. Hofu yako ina msingi. Ila sababu ya chaji kukimbia si ile inayotajwa na wengi, na ukiijua vizuri utaweza kuamua mwenyewe bila kusubiri mtu wa duka akuamulie.

Kwanza gari lenyewe. Mimi ninatumia Maxus T90EV. Betri yake ni ya uniti 88 na ushei (uniti ni kilowati-saa, zilezile za mita ya stima), gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na kiwanda kinairuhusu kuvuta trela la tani 1 lenye breki zake, au kilo 750 kama trela halina breki. Hapo ndipo pa kuanzia hesabu. Boti yangu tupu, mashine, tangi la mafuta, nanga na trela lenyewe vikijumlishwa vinakaribia kilo 900. Nilipeleka vyote kwenye mzani kabla ya kununua gari, na wewe nakuomba ufanye hivyohivyo, usikisie. Boti ya futi 19 iliyokaa majini miaka mingi huwa imekunywa maji ndani ya mbao za sakafu, na uzito wake wa leo si ule wa siku ilipotoka kwa fundi.

Sasa tuje kwenye chaji. Watu huniuliza, "Boti ina kilo ngapi?" wakidhani uzito ndio unaomaliza betri. Kwenye mlima ni kweli, na gari likiondoka pia ni kweli, lakini njia yetu hii ni tambarare. Trela la tani 1 lenye matairi yaliyojaa vizuri na beringi nzima, likishashika mwendo kwenye lami, linadai uniti 3 au 4 tu kwa kila kilomita 100. Kinachokula ni hewa. Boti ni kitu kipana chenye mashine iliyosimama nyuma na pengine kivuli cha turubai juu, na vyote hivyo vinasukuma upepo. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya hewa inayokuzuia inapanda kwa zaidi ya nusu. Wale wa kwenye video wanavuta nyumba za magurudumu zenye kimo kama cha lori, kwa mwendo wa 110 au zaidi kwenye barabara kuu. Ford F-150 Lightning ina betri kubwa ya uniti 131 na inaruhusiwa kuvuta zaidi ya tani 4, lakini ukuta wa namna hiyo ukiufunga nyuma, nusu ya safari inapotea hewani. Wewe na mimi tunapita matuta ya Matsangoni na Gede nyuma ya matatu, 80 ndiyo mwendo wetu wa kawaida.

Kitu ambacho sijakiona kwenye video hata moja ni upepo wetu. Ami yangu, ambaye alikuwa nahodha wa jahazi, aliponiona nafunga trela asubuhi moja mwezi wa Julai aliniuliza kama nimetazama kusi, upepo wa kutoka kusini wa katikati ya mwaka. Nami nilikuwa nimelitazama, maana hesabu yake inatisha. Chukua gari linalokwenda 80. Siku ya shwari, hewa inayoligonga ni ya 80. Kusi likivuma kilomita 30 kwa saa na wewe unashuka Mombasa, hewa inayokugonga ni ya 110, na kizuizi chake kinakaribia mara mbili ya kile cha siku ya shwari. Ukirudi Malindi siku hiyohiyo, upepo uko mgongoni, hewa unayoipasua ni ya 50 tu, na kizuizi kinashuka hadi chini ya nusu. Barabarani mambo hayafikii ukali huo kamili, kwa sababu kusi linakuja mbele na ubavuni kwa pamoja, na minazi na mikorosho inatukinga sehemu nyingi. Lakini tofauti inaonekana wazi kwenye skrini ya gari inayoonyesha matumizi. Kwa boti yangu, kwa mwendo wa 80, siku ya shwari natumia kama uniti 38 kwa kilomita 100. Kusi likiwa usoni natumia 45 hadi 50. Nikirudi nalo mgongoni nashuka mpaka 32 au hata chini kidogo. Gari tupu, bila trela, linatumia 26 hivi.

Msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba mpaka Machi, mambo yanageuka: kushuka Mombasa ni raha na kurudi ndiko kwenye kazi. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu mtu huondoka nyumbani na betri imejaa na kurudi na ile aliyobahatika kuipata huko alikokwenda. Kwa hiyo kusi ni rafiki wa anayekaa Malindi: safari ngumu unaifanya na betri iliyojaa. Kaskazi ndilo la kuchungwa, maana linakupiga usoni wakati wa kurudi, ukiwa na chaji kiasi. Miezi ya kaskazi sitoki Mombasa na boti nyuma kama sijachaji zaidi ya nilivyozoea.

Weka nambari hizo kwenye njia. Malindi mpaka Mombasa ni kilomita 120 hivi. Kwa kusi kali utatumia karibu uniti 58, ufike na theluthi ya betri. Unafika bila wasiwasi, ila hurudi bila kuchaji. Kilifi ni nusu ya njia hiyo, na huko unakwenda na kurudi na boti siku moja bila kugusa soketi, msimu wowote. Kama kazi yako kubwa iko Kilifi kwa mafundi wa boti, gari hili linakutosha kabisa.

Vitu viwili vimenisaidia kupunguza matumizi kuliko chochote kingine. Kivuli cha juu nakivua na kukilaza ndani ya boti kila safari, hata ile fupi ya Watamu. Na boti naifunika turubai iliyokazwa kama ngozi ya ngoma, kwa sababu turubai inayopepea inakuwa tanga linalovuta nyuma. Halafu mashine iinuliwe na ifungwe kwa ubao wa kuishikilia, isitegemee pini yake peke yake kwenye matuta.

Kuchaji ndiyo habari ndefu zaidi. Usinunue gari hili kwa kutegemea soketi ya ukutani. Soketi ya kawaida inatoa kilowati 2 na kitu, na betri ya uniti 88 itakaa humo zaidi ya siku nzima. Mwite fundi wa stima mwenye leseni akuvutie waya wake wenyewe kutoka kwenye mita, wa ampea 32, wenye kikata-umeme chake na athi nzuri, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Hapo unapata kilowati 7, na usiku mmoja unatosha: ukirudi jioni na asilimia 20, asubuhi umejaa. Athi ipimwe kwa kifaa, ardhi yetu ya mchanga wa pwani inapokauka haishiki umeme vizuri, na gari lenye ulinzi mzuri litakataa kuchaji kabisa athi ikiwa mbaya. Watu hulilaumu gari kumbe ni fimbo ya shaba iliyochomekwa juujuu.

Bei nayo. Mwaka 2023 Kenya ilitangaza bei maalumu ya stima kwa magari ya umeme, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na makato mengine. Kwa mtu anayechaji nyumbani kwa tokeni za kawaida, pigia shilingi 30 kwa uniti ili usijidanganye. Kumbuka pia kwamba si kila uniti inayotoka kwenye mita inaingia kwenye betri. Moja katika kumi hupotea kama joto. Kwa hiyo kilomita 100 na boti siku ya shwari ni uniti 42 kwenye mita, shilingi 1,260. Pikapu yangu ya zamani ya dizeli na boti hiihii ilikuwa inakunywa lita 13 kwa umbali huo. Chukua bei ya dizeli ya wiki hii ukamilishe hesabu mwenyewe. Na stima inapopotea, ambapo hapa kwetu hutokea, usiwe na tabia ya kuacha betri chini ya nusu usiku wa kuamkia safari.

Ugenini nimeweka utaratibu ufuatao. Nina rafiki mwenye karakana Kilifi na nyumba ya wageni ninayolala Mombasa, na kila mahali nimegharamia waya wa ampea 32 na mita ndogo ya kupimia. Nasoma mita nikifika, nasoma nikiondoka, namlipa mwenyeji kwa uniti pamoja na kitu juu yake. Hakuna anayehisi ananyonywa. Ukifikiria kutegemea vituo vya kuchajia vya umma, tazama kwanza kama mahali penyewe pana nafasi ya kuegesha gari na trela kwa pamoja. Vingi vimepangwa kwa gari moja linaloingia kwa kichwa, na wewe utalazimika kufungua boti uiache pembeni, jambo ambalo mimi silipendi kwa sababu ya usalama wa mashine.

Ufukweni sasa. Mchanga wa ghuba ya Malindi umechanganyika na tope la Sabaki, laini sana ukilowa, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee linaweza kujizika hapo. Injini ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo mguu uwe mwepesi kuliko ulivyozoea kwenye dizeli. Punguza upepo wa matairi ya nyuma, tandika mbao, na ushushe boti maji yakiwa yanajaa. Usifanye hivyo maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapokupwa, kwa sababu yanakimbia mbali na kukuachia mteremko mrefu wa tope. Kupandisha boti kunapendeza mno: gari linavuta taratibu, bila kunguruma, bila klachi kunuka, na unasikia kila kinachotokea nyuma. Mwenzako akisema "simama," unasimama palepale.

Betri imefungwa isiingie maji, lakini chumvi haina huruma na vingine vyote. Kila ukitoka baharini, osha chini ya gari, breki na beringi za trela kwa maji matamu, ya mfereji au ya mvua, kisima cha chumvichumvi hakifai. Soketi ya taa za trela ipake grisi. Na kwa kuwa gari la umeme hupunguza mwendo kwa injini yake huku likirudisha chaji, breki zenyewe hazifanyi kazi sana na diski zinashika kutu upesi hapa pwani. Mimi kila baada ya kuosha nazikanyaga kwa nguvu mara kadhaa barabarani zikauke na kusafika.

Kuhusu Lamu nitakwambia wazi. Malindi mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, ni zaidi ya kilomita 200. Bila boti nafika na akiba nzuri, naliacha gari Mokowe kama kila mtu, navuka kwa boti za abiria. Na boti nyuma haiwezekani kwa pigo moja, hata siku ya shwari sitegemei. Garsen ni takriban nusu ya njia, lakini kusubiri kwenye soketi ndogo kutakula saa nyingi za mchana, na njia ile mtu huipita mchana, si usiku. Kama Lamu na boti ni sehemu kubwa ya kazi yako, baki na dizeli yako kwa sasa, au uipeleke boti kwa njia ya bahari.

Umeuliza pia kama usubiri magari mapya. Isuzu wametoa D-Max ya umeme inayovuta kwa magurudumu yote manne na inaruhusiwa kuvuta tani 3 na nusu. Kwa ufukweni ni gari bora kuliko langu. Lakini betri yake ni ya uniti 67 hivi, ndogo kuliko yangu, kwa hiyo itaivuta boti yako kwa urahisi zaidi lakini haitaifikisha mbali kama langu. Hizo F-150 za Marekani ziondoe akilini, usukani wake uko kushoto na Kenya haisajili magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida. Na ukiagiza gari lililotumika, lisizidi umri wa miaka 8.

Nitumie uzito wa boti na trela ukishapima, kimo chake kutoka chini mpaka sehemu ya juu kabisa, na mwezi unaosafiri zaidi. Nitakupigia hesabu ya kwenda na kurudi, Kilifi na Mombasa zote mbili.