Ukipoteza hati ya kiwanja, usitulie mpaka uone tangazo lake kwenye Gazeti la Serikali

Habari zenu wadau. Naandika hii coz kila wiki kuna mtu hapa Mwanza ananiuliza kitu kile kile, na mwenyewe nilishaumia nikajifunza, sioni sababu ya mwingine kuumia tena pale pale.

Mama yangu ana kiwanja Nyakato, na mwaka juzi alitaka kukitumia kama dhamana ya mkopo saccos, akaenda kufungua sanduku lake kutoa hati, hamna. Tukatafuta nyumba nzima, tukapekua mpaka magunia ya mpunga, hamna. Basi tukaenda polisi tukapata ripoti ya upotevu, tukaapa kiapo kwa wakili, vizuri tu. Kosa likaja hapo: badala ya kufuatilia wenyewe nikampa hela jamaa mmoja anayezungukazunguka na mafaili akisema hizo kazi ndo zake, na baada ya wiki mbili akaniletea kipande cha gazeti la kawaida lile la kununua mtaani, tangazo la mama lipo kabisa, jina lake kabisa. Akasema subiri mwezi mmoja hati mpya inatoka.

Tukasubiri mwezi. Tukasubiri wa pili, wa tatu. Kwenda ardhi kuulizia naulizwa swali moja tu, "tangazo limetoka toleo namba ngapi la Gazeti la Serikali?" Sina. Mama amekaa pembeni yangu na mkoba wake, ananiangalia.

Sasa elewa hiki kitu vizuri. Hati ikipotea, Msajili wa Hati anatoa taarifa chini ya Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi, Sura ya 334, kwamba hati fulani imepotea na anakusudia kutoa nyingine kama hakuna pingamizi ndani ya mwezi mmoja, na huo mwezi unahesabiwa kuanzia siku taarifa ilipotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Sio siku uliyoenda polisi wala siku uliyolipa. Yani sisi tulikaa miezi mitatu tukihesabu siku ambazo hazikuwa hata zimeanza kuhesabiwa!

Na wengi wakisikia Gazeti la Serikali wanafikiria ni yale magazeti yanayomilikiwa na serikali yanayouzwa pale stendi. Hapana jamani. Hili linachapwa na Mpigachapa Mkuu wa Serikali, kwa kawaida linatoka kila Ijumaa, halina michezo wala picha za wasanii. Ndani utakuta nani kateuliwa, nani kapandishwa cheo, hati zilizopotea, makampuni yanayofutwa, na viambatisho vyake ndo vinabeba miswada, sheria zilizopitishwa na kanuni za mawaziri. Kukiwa na haraka linatoka toleo maalum siku yoyote.

Mara ya pili nilienda mwenyewe. Na nilichojifunza ni kukagua tangazo kabla halijachapwa na baada ya kuchapwa: namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu, na jina la mmiliki herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye rejista. Mama jina lake la katikati watu wanaliandika namna tatu tofauti, na kitalu B kikiandikwa D hapo umetangaza kiwanja cha mtu mwingine kabisa, unaanza upya. Kaa na karatasi yako mkononi usome polepole, hata kama nyuma yako kuna foleni.

Likishatoka andika toleo namba ngapi, la tarehe ngapi, na namba ya taarifa yako. Hivyo vitatu ndo ushahidi wako. Kipande cha gazeti la mtaani kihifadhi pia ila kisikupe usingizi.

Kulipata sio lazima uende Dodoma. Matoleo mengi yapo TanzLII, ule mtandao wa Mahakama ya Tanzania, bure, unafungua kwenye simu unachagua mwaka unashuka mpaka tarehe yako, bando kidogo tu. Miswada na sheria zipo pia kwenye tovuti ya Bunge. Kama simu yako ndogo nenda stesheneri yoyote wakuprintie ukurasa wako mmoja, usikubali kuprintiwa toleo zima. Na ukiomba taarifa kwa ofisi ya umma ukazungushwa, andika barua, Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 imewapa siku 30 kukujibu, afu hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Toka hapo nimekuwa mtu wa kuuliza "GN namba ngapi?" kwa kila kitu, maana kanuni ikitangazwa inapewa namba ya Tangazo la Serikali (ndo hiyo GN) na mwaka, na bila kutangazwa kwenye Gazeti haijaanza kufanya kazi. Mjomba wangu ana mitumbwi mwalo wa Igombe, kwenye grupu lao la WhatsApp ikarushwa karatasi imeandikwa "sheria mpya ya nyavu", haina namba, haina tarehe, na watu wakaanza kugombana. Nikamwambia mjomba, Kanuni za Uvuvi ni GN 308 ya 2009, na zilishafanyiwa marekebisho baadaye ikiwemo 2020, kwa hiyo ukisoma ya 2009 peke yake unaweza kukosea vile vile. Tafuta ya 2009 na marekebisho yake yote uzisome pamoja.

Ndo ilivyokuwa hata kwenye marambo, ile mifuko ya plastiki, 2019. Wamama wa soko la Mlango Mmoja wengine walitupa hadi vifungashio vya bidhaa vya kiwandani kwa woga, wakati GN 394 ya 2019 ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni, na ikaacha nje vifungashio vya aina fulani kama vya viwandani na vya kilimo. Hela ya watu ilienda jalalani kwa sababu hakuna aliyewasomea kurasa chache. Hilo bado linaniuma.

Mama hati yake mpya alipata wiki chache baada ya ule mwezi kuisha. Ameikunja pamoja na ule ukurasa wa Gazeti nilioprinti, safari hii haipo kwenye sanduku, kampa dada yangu Buhongwa aitunze, na kila nikienda ananiambia nimsomee tena pale jina lake lilipoandikwa.