Msihukumu wimbo kabla ya chemko

Swali lenu la wiki hii, "Je, muziki na riwaya za zamani zilikuwa bora kuliko za sasa?", vijiweni hapa Arusha hujibiwa haraka: ndiyo. Mimi naona wengi wanaojibu hivyo, na wanaowapinga pia, wamesikia nusu tu ya wimbo wanaoubishania.

Tuanze na dansi. Wimbo wa bendi kama Mlimani Park, iliyoanza 1978, mara nyingi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: waimbaji wanasimulia kisa, tarumbeta na saksafoni zinawajibu kati ya beti. Halafu linaingia chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea. Gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukirudia, gitaa la pili la solo linajaza mianya, gitaa la rithim haliachii mwendo, na gitaa la bezi linaruka pigo ambalo mguu wako ulikuwa umelitegemea. Ufundi wa bendi uko hapo. Lakini santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba kama dakika 4 au 5 kila upande, ndiyo maana wimbo wa dakika 8 uligawanywa: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Aliyenakili upande mmoja ameondoka na maneno bila ngoma. Ndani ya Coaster ya Moshi ni yale yale: wimbo unarukwa dakika ya 3, na kijana anashuka akiamini wazee walipenda nyimbo za kusinzia.

Kaseti nazo zinadanganya. Nyingi zilizobaki mitaani ni nakala ya nakala, chanzo chake redioni. Kama betri za redio-kaseti zilikuwa zimechoka, utepe ulijikokota wakati wa kurekodi. Ukiupiga kwenye mashine yenye kasi sahihi, wimbo unakimbia na sauti zinakuwa nyembamba. Wimbo wa dakika 8 ukiisha sekunde 27 kabla ya muda wake, umepanda karibu nusu toni. Tafuta nakala nyingine, linganisha muda, ndipo urekebishe kasi kwenye kompyuta.

Kabla ya kuhamishia wimbo kwenye kompyuta, peleka utepe mpaka mwisho na uurudishe, ili sehemu zilizogandamana ziachie. Kichwa cha mashine, kile kinachosoma utepe, kifutwe kwa pamba yenye spiriti, maana vumbi letu hukaa papo hapo. Roli ya mpira inayovuta utepe isiguswe na spiriti: mpira hukauka, ukaanza kuteleza, na kasi ikayumba. Kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo kinatosha. Sauti ikiwa kama imefunikwa blanketi, zungusha skrubu ndogo iliyo pembeni mwa kichwa, kidogo kidogo, mpaka matoazi yasikike wazi. Ukikimbilia kuongeza sauti za juu, utakachoongeza zaidi ni mvumo wa utepe.

Sasa ya leo. Kuipima rapu ya Arusha kwa gitaa ni kuionea. Kundi la X Plastaz liliweka uimbaji wa Kimaasai kando ya mistari ya rapu. Kundi la Weusi likafanya lafudhi ya Chuga, yaani Arusha kwa lugha ya vijana, isikike nchi nzima. Sikiliza kina kinapoangukia: ni mwisho wa mstari tu, au na katikati pia, kama malenga afanyavyo? Sikiliza na pumzi: mjuzi haivuti mahali pa kukata maana. Ninachokilaumu ni kiitikio kinachorudi mara 4 ndani ya dakika 3 na kula nafasi ya ubeti wa tatu. Kwa upangaji wa vyombo wazee wanashinda, tena kwa mbali. Kwa vina, vijana hawa wanawazidi waimbaji wengi wa dansi, ambao walibebwa zaidi na melodi.

Riwaya pendwa hazinipi shida kubwa. Nyingi za sasa huanzia kwenye simu, kipande kwa kipande. Kila kipande kinafungua kwa kukumbusha kilichopita na kinafunga kwa kumwacha msomaji roho juu. Huko zinanoga kweli. Zikichapwa kitabu bila mhariri kufuta vikumbusho hivyo, msomaji anaambiwa jambo lile lile kila sura, jambo ambalo riwaya nyingi za kipelelezi za miaka ya 1970 hazikuwa nalo. Mwandishi afute aya ya kwanza ya kila sura, kisha asome upya kuanzia mwanzo. Mara nyingi hataliona pengo.