Maswali na Majibu: Trekta Linapogoma Kuwaka Asubuhi ya Baridi

SWALI: Ndugu Fundi, salamu kutoka Makete. Ninalima viazi mviringo na ngano karibu na uwanda wa Kitulo, na trekta langu ni Massey Ferguson 240 la silinda tatu, ambalo nililinunua likiwa limekwisha kutumika. Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi ambazo majani yamefunikwa na sakitu, trekta hili halikubali kuwaka mpaka jua lipande. Starta inazungusha vizuri na bomba linatoa moshi mweupe mwingi unaowasha macho, lakini injini haishiki. Ikifika saa nne linawaka mara moja, na halisumbui tena mchana kutwa. Fundi mmoja ameniambia kwamba pampu ya dizeli imechoka, hivyo ifunguliwe ipelekwe mjini kupimwa. Je, nimkubalie? — Mkulima, Makete

JIBU: Ndugu mkulima, pampu hiyo isiguswe kwanza, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaitetea. Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyoingia ndani ya silinda, ikageuka mvuke, kisha ikatoka bila kuungua. Kama pampu na nozeli zingekuwa hazifikishi mafuta, bomba lisingetoa moshi wowote hata ungepiga starta mpaka betri iishe. Kwako mafuta yanafika na injini inazunguka kwa kasi inayotakiwa. Kinachopungua ni joto.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ujazo wake upungue mara 16 au 18 hivi, na hewa iliyobanwa kiasi hicho hupata joto kali, ambalo katika injini nzima iliyokwisha kupashwa hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Nozeli inapopuliza dizeli ndani ya hewa hiyo, mafuta huwaka yenyewe. Asubuhi ya sakitu hewa huingia ikiwa baridi, na kuta za silinda na vichwa vya pistoni, ambavyo ni chuma kilicholala nje usiku kucha, hulinyonya joto hilo kabla mafuta hayajawaka. Kwenu Kitulo, uwanda ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, hewa pia ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo kila pistoni hubana hewa pungufu, na dizeli huchelewa kushika moto.

Waliotengeneza injini hiyo walilifikiria jambo hili. Ukitazama manifoldi ya kuingizia hewa, yaani bomba linalopeleka hewa kwenye silinda, utaona kifaa kidogo cha shaba, chenye ukubwa wa kidole gumba, kilichofungwa kwa nati, kikiwa na waya mmoja na kijibomba chembamba cha mafuta. Hiyo ni hita ya hewa, ambayo katika vitabu vya Perkins, watengenezaji wa injini hiyo, huitwa Thermostart. Ukizungusha ufunguo hadi alama ya kupasha, waya wa ndani huwa mwekundu kwa moto, kisha joto lake hufungua vali ndogo inayoachia matone ya dizeli. Matone hayo huwaka humo ndani ya manifoldi, na hewa inayokwenda kwenye silinda hupita katika mwali huo na kuingia ikiwa na joto. Ninaamini kwamba tatizo lako liko hapo, na ninalisema hivyo kwa sababu matrekta mengi yaliyokwisha kutumika hufika kwa mnunuzi wa pili kijibomba hicho kikiwa kimekatwa na kuzibwa kwa parafujo, au waya ukiwa unaning'inia. Hali hiyo haikumsumbua mwenye trekta wa kwanza ikiwa alilima mahali pa joto.

Kagua hivi. Kwanza chukua taa ya majaribio ya volti 12, ishike kati ya ncha ya waya wa hita na chuma cha injini, kisha mtu azungushe ufunguo hadi alama ya kupasha. Taa isipowaka, fuatilia waya kurudi kwenye swichi ya ufunguo, kwa kuwa mara nyingi swichi zilizobadilishwa na za bei nafuu hazina kabisa hatua ya kupasha. Taa ikiwaka, legeza nati ya kijibomba mahali kinapoingia kwenye hita uone kama dizeli inadondoka. Isipodondoka, kijibomba kimeziba au kitangi kidogo kinachokilisha ni kikavu. Kaza nati, futa dizeli yote iliyomwagika, ndipo ujaribu tena kupasha, kwa maana hapo pana moto wa kweli. Mwishowe pasha kwa sekunde 20, mwenzako apige starta, nawe uweke kiganja juu ya manifoldi karibu na hita. Manifoldi ikibaki baridi ilhali umeme na mafuta vinafika, hita yenyewe imekufa, na kuibadilisha ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kuifungua pampu.

Hita ikisharekebishwa, utaratibu wa asubuhi uwe huu: hakikisha kwamba mkono wa kuzimia umerudishwa ndani, peleka mkono wa mafuta hadi mwisho, kanyaga klachi ili starta isilazimike kuzungusha oili nzito ya gia, zungusha ufunguo hadi alama ya kupasha kwa sekunde 15 hadi 20, kisha piga starta bila kurudisha ufunguo nyuma. Injini isiposhika ndani ya sekunde 15, acha, pasha tena sekunde 10, halafu rudia. Watu wengi hupiga starta kwanza na kukumbuka kupasha baada ya betri kuchoka, jambo linaloondoa faida yote ya hita.

Ikiwa hita inafanya kazi na moshi mweupe bado unatoka bila injini kuwaka, hapo ndipo uanze kutilia shaka mbano wa injini, yaani uwezo wa silinda kubana hewa: vali zilizokosa nafasi sahihi, ringi zilizolika, au gasketi ya silinda hedi inayovuja. Pima mbano kabla ya kufungua chochote. Angalia pia maji ya radieta, kwa sababu moshi mweupe usiowasha macho, ukiambatana na maji yanayopungua kila siku, ni mvuke wa maji, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

SWALI: Kwetu Kinangop baridi kali huja Julai, na sakitu hutupiga hata Januari. Trekta langu huzunguka polepole sana asubuhi, kama linalokokota mzigo, kisha betri hunyamaza. Jirani amenifundisha kuweka jiko la makaa chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa nusu saa na kuchanganya mafuta taa kwenye dizeli. Linawaka, lakini nina wasiwasi. — Mkulima wa viazi, Nyandarua

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, na ninakuomba uache yote mawili. Jiko husaidia kwa sababu linalainisha oili, lakini chini ya injini ya zamani pana mabaki ya dizeli na grisi, mabomba ya mpira na nyaya zilizochubuka, na upepo wa alfajiri hauhitaji zaidi ya cheche moja. Trekta likishika moto ndani ya banda, hasara haiishii kwenye trekta. Kama lazima upashe chuma, chemsha maji, yaache yapoe kidogo, kisha mimina kwenye radieta iliyomwagwa maji ya jana usiku, ukianza na ya uvuguvugu ili bloki isipasuke. Ni kazi ya jasho, lakini haichomi banda.

Mafuta taa nayo hayana ulaini wa dizeli. Pampu ya dizeli na nozeli hulainishwa na mafuta yale yale yanayopita ndani yake, kwa hiyo kila lita ya mafuta taa inazisaga. Wazo la jirani yako limetoka kwenye jambo la kweli, kwamba dizeli ikipoa sana hutoa nta inayoziba filta. Dalili ya nta, hata hivyo, ni injini isiyotoa moshi, au inayowaka kisha ikazima baada ya dakika chache, wala siyo starta inayokokota. Kwa dizeli, inatosha kujaza tangi jioni ili unyevu usitande ndani usiku, na kumwaga maji kwenye bakuli la filta kila wiki.

Shida yako iko kwenye mzunguko. Betri ya risasi na asidi ikiwa karibu na nyuzi sifuri hupoteza kati ya robo na theluthi ya nguvu yake, saa ile ile ambayo oili iliyoganda inadai nguvu zaidi. Ipime alfajiri kabla ya kuigusa: volti 12.6 ni betri iliyojaa, na 12.2 ni nusu tu. Kisha ipime wakati starta inazunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri ni mbovu au haijajaa. Kama volti kwenye betri zinabaki juu na starta bado inakokota, umeme unapotelea njiani. Vua vichwa vya betri, vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, vikwangue mpaka ving'ae, na usisahau waya wa ethi mahali unapofungwa kwenye chasisi, kwani kutu ya hapo haionekani mpaka uifungue nati. Halafu soma kopo la oili unayotumia. Ikiwa namba ya unene iliyoandikwa ni SAE 40 peke yake, ni oili ya nchi ya joto. Weka 15W-40, ambayo hubaki nyepesi kwenye baridi, na utasikia tofauti asubuhi ya kwanza.

SWALI: Dereva wangu hutumia dawa ya kupuliza kwenye chujio la hewa ili trekta liwake, na siku nyingine huliegesha mlimani alishukishe. Ipi ni salama zaidi? — Mwenye trekta la kukodisha, Mufindi

JIBU: Dawa hiyo ina etha, ambayo huwaka yenyewe kwenye joto la nyuzi 160 hivi, chini sana ya dizeli. Katika injini yenye hita ya manifoldi au plagi za kupasha, etha hulipuka kabla ya wakati wake, wakati mwingine ndani ya manifoldi penyewe, na nimeona pistoni iliyovunjika vipande kwa sababu hiyo. Mkataze leo. Kuna injini zinazozoea dawa hiyo kwa sababu mbano wake umekwisha, na kila mpulizo unaumaliza mbano uliobaki.

Kushukisha mlimani hakuivunji injini, bali huhatarisha watu. Trekta lisilowaka halina nguvu ya haidroli ya kunyanyua jembe, na kama usukani wake unasaidiwa na haidroli utakuwa mzito mikononi. Likikubidi, fungua jembe kwanza, ondoa watu wote walio mbele, hakikisha kwamba breki zote mbili zimeunganishwa na zinashika, tumia gia ya juu, mkono wa kuchagua mwendo ukiwa upande wa kasi, kwa sababu gia ndogo hufunga magurudumu yakateleza kwenye umande, na pasha hita kwa sekunde 20 trekta likiwa bado limesimama, kabla ya dereva kuachia breki.